Jua, nano na maji ya chumvi: Manyara ianze na bomba la kunywa

Nambis iko juu. Ni kata ya Mbulu, kwenye nyanda zenye ubaridi ambako maji ya mvua na ya chemchemi bado ni matamu mdomoni. Lakini hebu shuka. Ukielekea mashariki, ukingo wa Bonde la Ufa unakushusha hadi Ziwa Manyara. Ukielekea magharibi unapita bonde la Yaeda, nchi ya Wahadzabe, na ng'ambo yake kuna Ziwa Eyasi. Kusini, chini ya Mlima Hanang, kuna Balangida, ziwa ambalo kiangazi kikikaza hugeuka uwanja mweupe, na watu wakaingia kukusanya chumvi. Maziwa yote matatu hayana mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayakausha, chumvi inabaki.

Kwa hiyo katika mkoa huu jua limekuwa likitenganisha maji na chumvi tangu enzi na enzi, bila mshahara. Shida ni mgawo wake: maji yanapanda angani, sisi tunaachiwa chumvi. Wanasayansi wa Arusha, Ujerumani, Marekani na kwingineko wamekuwa wakitafuta namna ya kuugeuza mgawo huo, wakitumia paneli za sola na vitu vidogo mno vinavyoitwa vya nano. Sehemu ya kazi hiyo imefanyika hapahapa Manyara, na wananchi wengi wa Manyara hawajapata kuisikia.

Kabla ya kuingia kwenye mitambo, tuelewane kwanza tunaondoa nini.

Chumvi ya kawaida si adui mkubwa, kwa sababu inajitangaza. Mtoto akionja maji ya chumvi anayatema. Ng'ombe anayanusa na kuyaacha, au anayanywa kwa kiasi. Adui wa Manyara na Arusha ni floridi, na floridi haina ladha, haina harufu, haina rangi. Kisima kinaweza kutoa maji yanayong'aa, yanayotoa povu la sabuni upesi, na kila mtu akakisifu, kumbe kila lita imebeba floridi mara kumi au ishirini ya kiwango kinachokubalika.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano. Hanang wenyewe, wenye mita 3,420, ni volkano iliyolala. Oldoinyo Lengai, kaskazini zaidi, bado inatema lava ya magadi ambayo haionekani kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani. Maji ya mvua yanapopenya kwenye miamba hiyo yanayeyusha soda na floridi kwa pamoja. Na hapa pana jambo ambalo wachimba visima wangepaswa kufundishwa mapema: floridi hukamatwa na kalisi. Penye kalisi nyingi, viwili hivyo vinashikana, vinaganda na kubaki kwenye mwamba. Maji ya soda yana kalisi kidogo, kwa hiyo floridi inaendelea kuogelea huru hadi kwenye bomba. Ulaini ule ule unaowafurahisha wafuaji nguo ndio unaopaswa kutushtua.

Madhara yake yanafahamika. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya ufizi wakati mtoto ni mdogo; akinywa floridi nyingi katika miaka hiyo, jino huota likiwa na madoa ya kahawia na wakati mwingine vishimo. Hakuna dawa ya meno inayorudisha rangi. Mtu wa Arusha au Manyara akicheka Dar es Salaam, wenyeji wanajua alikokulia. Wengi wamelifanya jambo la utani, na labda utani huo ndio uliochelewesha hatua, kwani meno ni dalili tu. Kiwango kikipanda zaidi na miaka ikipita, floridi huingia kwenye mifupa: viungo vinakakamaa, mgongo hauinami, watoto wanapata matege.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kama kiwango cha muda, si kwa sababu miili yetu ni migumu kuliko ya wengine bali kwa sababu kufuata kiwango cha dunia kungemaanisha kufunga visima vingi bila kuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa tumefika 1.5 kama wengine. Karatasi imenyooka. Miamba haijasoma karatasi.

Na kuchemsha hakusaidii. Inafaa jambo hilo lisemwe kwa sauti kliniki na mashuleni, maana tumezoea kuambiwa kwamba maji yakichemka yamekuwa salama. Kuchemsha huua vimelea. Floridi haichemki ikaondoka. Maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki ileile, kwa hiyo kila lita iliyobaki sufuriani ina nyingi zaidi kuliko awali. Klorini nayo haiigusi. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka, kama yametoka kwenye maziwa ya bonde hili, yanaweza kuongeza floridi nyingine juu ya ile ya maji.

Ngurdoto, wilayani Meru, serikali imekuwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwa miaka mingi. Silaha yake kuu ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuri bila hewa nyingi mpaka ikawa mkaa, kisha ikasagwa punje punje na kujazwa kwenye ndoo au tangi. Kalisi na fosfati ya mfupa huivuta floridi ikanasa. Nchini Kenya, Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilijenga kazi nzima ya maji juu ya mbinu hiyo hiyo. Ni mbinu nzuri na ya bei nafuu, ila ina masharti: mfupa uliochomwa vibaya hutoa maji yenye harufu, mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na wapo waumini wanaouliza mfupa ni wa mnyama gani na alichinjwa na nani. Swali hilo si la kulidharau. Anayeleta kichujio kwenye kijiji bila jibu lake atakikuta kimegeuzwa kiti.

Kutoka Gongali hadi Cape Town

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Ukikiweka kitu katika vipimo hivyo, tabia zake hubadilika: gramu chache za unga wa nano zina eneo la uso linaloweza kujaza uwanja, na penye uso mkubwa ndipo uchafu unapopata pa kunasa.

Mtanzania aliyeifanya hesabu hiyo ifahamike ni Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, nchi ileile ya Wairaqw waliotawanyika kutoka nyanda za Mbulu. Alisoma shahada ya uzamivu ya teknolojia ya nano Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Amesimulia hadharani kwamba kwao, alipokuwa mtoto, magonjwa ya maji yalikuwa mgeni wa kila mara. Kichujio chake kinaanza na mchanga wa kawaida unaozuia takataka na vimelea, kisha maji yanapita kwenye chembechembe za nano zilizochaguliwa kulingana na tatizo la eneo: pengine floridi, pengine metali nzito. Juni 2015, mjini Cape Town, alipewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, ikiwa na pauni 25,000.

Ninachokithamini zaidi katika kazi ya Hilonga ni lile wazo la kupima maji kwanza, ndipo uamue nini kiwekwe ndani ya kichujio. Tumezoea kinyume chake. Bidhaa inatengenezwa ng'ambo, inabandikwa picha ya mtoto anayetabasamu, na inauzwa Mbulu na Mtwara kwa maelezo yaleyale, kana kwamba maji ya Tanzania ni ya aina moja.

Mdori, ambako jua lilisukuma maji

Hatua ya pili ilifanyika Mdori, kijiji cha wilaya ya Babati, upande wa maziwa Manyara na Burunge, si mbali na Minjingu kwenye machimbo ya fosfati. Visima vya huko ni miongoni mwa vyenye floridi nyingi kupindukia nchini. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti vinataja makumi ya miligramu kwa lita. Mkaa wa mfupa hapo ungechoka haraka mno. Watafiti kutoka Karlsruhe, Ujerumani, wakishirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela, walikwenda na mitambo midogo inayoendeshwa na sola na yenye utando wa nano.

Kwa mbali mtambo wa namna hiyo haukuvutii. Ni paneli chache, pampu, na mabomba manene yaliyolazwa. Ndani ya kila bomba kuna utando mpana wa plastiki ulioviringishwa kama mkeka, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka kuna wavu mwembamba wa kupitishia maji. Matundu ya utando huo yana upana wa takribani nanomita moja. Pampu inasukuma maji ya kisima kwa nguvu upande mmoja. Molekuli za maji zinapenya. Chumvi na floridi, ambazo zimejivika maji na kubeba chaji ya umeme, zinasukumwa nyuma na utando ambao nao una chaji. Upande wa pili kunatoka maji safi kwa mrija mwembamba. Upande wa kwanza yanabaki maji mazito, yenye kila kilichokataliwa.

Wingu likipita juu ya paneli, mlio wa pampu unashuka. Maji yanayopenya yanapungua, lakini floridi inayojipenyeza taratibu haipungui kwa kiwango hicho, kwa hiyo maji ya dakika hizo chache yanakuwa mabaya kidogo kuliko ya jua kali. Mtu akikinga kikombe chake wakati huo anaweza kusema mtambo umeharibika. Tiba yake ni tangi: maji ya wingu na ya jua yakichanganyika humo, wastani unakaa sawa. Tangi la plastiki ni rahisi kuliko betri, halifi baada ya miaka michache, na fundi wa kijijini analijua.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo mjadala wa nano na jua mara nyingi unapotoka nje ya reli. Uniti moja ya umeme, ile ya LUKU, ndiyo kipimo. Maji ya bahari, kwa mitambo ya kisasa ya utando, yanahitaji uniti 3 hadi 4 kutoa lita 1,000 za maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi ya wastani au floridi yanahitaji chini ya hapo, uniti moja au mbili. Sasa chukua njia ya zamani, ya kuyageuza maji kuwa mvuke na kuukusanya: lita 1,000 zinakula zaidi ya uniti 600. Fizikia haina punguzo. Maji kugeuka mvuke ni kazi nzito.

Kijiji cha watu 2,000 wakipewa lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia kinahitaji lita 10,000 kwa siku. Kwa utando wa nano hizo ni uniti 10 hadi 20. Jua la Manyara linatoa takribani uniti 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na paneli zinageuza karibu sehemu moja ya tano kuwa umeme. Ukihesabu na hasara za njiani, paneli kumi na kitu za juu ya paa la zahanati zinatosha. Kuyavuta maji kutoka kisima kirefu ni hesabu nyingine, lakini pampu za sola zimeshaenea vijijini na hakuna tena anayezishangaa.

Mvuke baridi wa maabara

Kama utando unashinda kwa mbali kiasi hicho, kwa nini basi magazeti ya sayansi yamejaa habari za mvuke wa nano?

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1872, katika jangwa la Las Salinas nchini Chile, mhandisi Charles Wilson alijenga mabwawa mafupi yenye sakafu nyeusi na paa za vioo vilivyoinama, zaidi ya mita za mraba 4,000. Maji ya chumvi yalifukizwa na jua, matone yakateremka kwenye kioo hadi kwenye mfereji, na mtambo ukatoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku kwa ajili ya nyumbu na watu wa machimboni. Gawanya: lita 4 au 5 kwa kila mita ya mraba. Sanduku la namna hiyo unaweza kulitengeneza leo kwa mbao, bati lililopakwa rangi nyeusi na kioo cha dirisha, na litakupa kiasi hichohicho au pungufu. Linaondoa chumvi, floridi, kila kitu kisichoruka na mvuke. Kwa familia ya watu sita utahitaji kama mita saba za mraba za kioo, na mtoto mmoja mtundu mwenye mpira atakumalizia mradi.

Hasara ya sanduku hilo ni kwamba jua linapasha maji yote, hata ya chini yasiyokaribia kufuka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba chembe za nano zikitiwa ndani ya maji baridi na kupigwa jua kali lililokusanywa, kila chembe inapata moto na kutoa mvuke wake mwenyewe kabla maji yanayoizunguka hayajachemka. Mwaka 2014 kundi la taasisi ya MIT likaweka vipande vya grafiti juu ya povu la kaboni linaloelea. Jua linapiga weusi wa juu, maji yanapanda kidogo kidogo kwa vinyweleo, na joto linabaki pale pale usoni. Chini ya mwanga uliokuzwa mara 10, asilimia 85 ya nguvu ya jua iligeuka mvuke. Mwaka 2017 wenzao wa Chuo Kikuu cha Maryland walichukua kipande cha mti, wakakichoma uso mmoja tu ukawa mkaa, na kikafanya kazi ileile, kwa sababu mti umezaliwa na mirija ya kupandishia maji.

Hapo mpenda teknolojia wa Manyara angeruka kwa furaha: mkaa tunao! Polepole. Jua la siku nzima kwenye mita moja ya mraba, hata ungelikamata lote bila kupoteza chembe, linafukiza lita 9 hivi. Nano haiwezi kuvuka hapo. Kinachovuka ni ujanja mwingine: mvuke unapogeuka tena kuwa maji unarudisha joto lake, na joto hilo likitumiwa kufukiza maji ya tabaka linalofuata, na lile likafukiza la tatu, jua moja linafanya kazi mara nyingi. Mwaka 2020 MIT na Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong walipanga tabaka 10 na kupata lita 5.78 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Ni matokeo ya kusisimua, lakini ni ya kifaa kidogo cha majaribio, kilicholelewa na watu wenye shahada. Kila ninapomsikia mtu akiinukuu namba hiyo kwenye andiko la kuomba fedha za mradi wa kijiji, huwa najiuliza nani atafuta vumbi.

Bado siutupi mvuke. Kuna mahali pake, na mahali hapo ni mkiani mwa mtambo wa utando, penye yale maji mazito yaliyokataliwa.

Maji mazito yaende wapi?

Hili ndilo swali ambalo picha za uzinduzi hazilionyeshi. Utepe umekatwa, mgeni rasmi amekunywa glasi, kamera zimeondoka. Nyuma ya banda kuna bomba la pili linalotiririka.

Tuseme kisima kina miligramu 40 kwa lita na mtambo unachukua lita 20,000 kutoa 10,000 safi zenye miligramu 1. Lita 10,000 zinazobaki zina karibu miligramu 80. Si sumu ya kumuangusha mtu siku hiyo, na kwa kufulia au kuoshea vyombo vya nje zinafaa. Lakini zikiachwa kwenye dimbwi, ng'ombe wanakuja. Ushauri wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa maji ya mifugo ni miligramu 2 kwa lita. Mfugaji wa Kibarabaigi anayekuta dimbwi kiangazi hataona kibao cha onyo, ataona maji. Meno ya ng'ombe nayo huharibika kwa floridi, na ng'ombe asiyeweza kutafuna anakonda penye majani.

Kwa hiyo mkiani hapo ndipo mahali pa vikaushio vya jua, viwe vya nyuso nyeusi za kaboni au sakafu tu iliyosakafiwa vizuri na kuzungushiwa uzio. Maji yanafuka, mabaki yanakauka, yanakwanguliwa na kuhifadhiwa. Wala yasiuzwe kama chumvi, wala kama magadi ya kupikia, hata yakiwa meupe kiasi gani.

Na upo uchafu wa mtambo wenyewe. Soda na silika za visima vyetu huganda kwenye utando, na utando huchoka na kutupwa. Chembe za nano zilizolegea zikiingia kwenye maji ya kunywa ni tatizo jipya badala ya la zamani. Ndiyo maana muundo wa kuaminika ni ule ambamo nano imeshikwa imara ndani ya utando au kwenye punje, si unga unaomwagwa na kukorogwa.

Nani anashika spana

Kiunga, mpakani kabisa mwa kaunti ya Lamu, Kenya, na Somalia, shirika la GivePower la Marekani lilianzisha mwaka 2018 mtambo wa sola wa kuondoa chumvi, wenye uwezo wa kutoa makumi ya maelfu ya lita kwa siku. Watu waliokuwa wakinywa maji ya visima vya chumvi walipata maji matamu kwa kununua. Kuna wanaolilaumu hilo la kununua. Mimi naona ndiko uhai wa mtambo uliko, kwa sharti kwamba bei inajulikana na daftari liko wazi. Maji ya bure yanayokatika mwezi wa nane ni ghali kuliko dumu la shilingi chache linalopatikana kila siku.

Kwetu, tangu mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa vyombo vya watumia maji vya jamii. Vyombo hivyo vimezoea mabomba, koki na pampu. Utando wa nano unavidai mambo matatu mapya: kupima floridi mara kwa mara, kuosha utando kwa ratiba, na kuweka akiba ya fedha ya kununua utando mwingine miaka michache baadaye. La tatu ndilo gumu. Fedha iliyolala kwenye akaunti ya kijiji ina maadui wengi.

La kwanza lingeweza kuanza kesho. Kipimo cha floridi kinachotumika sana kina dawa nyekundu: unaitia kwenye sampuli ya maji, na kadiri floridi ilivyo nyingi ndivyo wekundu unavyopauka, mashine ndogo inausoma mpauko huo na kukupa namba. Tahadhari na wale wafanyabiashara wanaochovya kijiti chenye skrini ndani ya glasi na kutangaza kwamba maji ni safi. Kijiti kile kinapima jumla ya chumvi, hakijui floridi ni ipi.

Lipo na jambo lingine ambalo wahandisi wa paneli hawapendi kulisema. Maji ya bei nafuu kuliko yote hapa Manyara ni yale ambayo bado hayajashuka. Chemchemi za msitu wa Nou na za nyanda za Mbulu zinatoa maji ambayo hayajakaa muda mrefu kwenye miamba ya soda. Penye mteremko, maji ya mserereko hayahitaji paneli wala utando, na hata yakiwa machache yanaweza kuchanganywa na ya kisima yakashusha floridi nusu kwa nusu. Mtu anayekata Nou kwa ajili ya mkaa anakijengea kijiji cha chini deni la mtambo. Kwa hiyo mtambo uende kule ambako mserereko haufiki: pembezoni mwa Balangida, Yaeda, Mdori na mfano wake.

Na ukienda, usijaribu kusafisha maji ya kijiji kizima. Hapo ndipo miradi mingi ingekwama kabla ya kuanza. Ng'ombe, ufuaji, matofali na bustani vinakula sehemu kubwa ya maji yote, ilhali mdomo wa binadamu unahitaji lita chache. Vituo vya kuchotea viwe na koki mbili, moja ya maji ya kisima kama yalivyo, nyingine ya kunywa na kupikia, yenye rangi tofauti na dumu lake tofauti. Shule za msingi na kliniki za mama na mtoto zitangulie, kwa sababu jino linaloharibika ni la mtoto wa leo, na likishaota hakuna bajeti ya kulirudisha.

Kwa madiwani na kamati za maji za Mbulu, Hanang na Babati, kabla hamjaomba mtambo wowote, wa nano au wa mfupa, ombeni namba. Kila kisima cha umma kipimwe, na miligramu za floridi ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kituo cha kuchotea, pamoja na tarehe ya kipimo. Mama anayefika na dumu lake ana haki ya kuisoma namba hiyo kabla hajafungua koki.